Naomba ushauri: Mtoni au Maruhubi, nampeleka mamangu Unguja

Asalaam alaykum wapendwa. Mie niko Mombasa, likizo ya Agosti nataka nimpeleke mamangu Unguja akaone majumba ya masultani, amekuwa akiyataja tangu tukiwa wadogo. Shida ni magoti, hawezi ngazi nyingi wala kutembea juani sana, na mimi najua mjini pale jumba la Beit al Ajaib sehemu yake iliporomoka Disemba 2020, kwa hivyo hiyo hata siitii kwenye hesabu.

Sasa nimebaki na magofu mawili ya majumba yao, Mtoni na Maruhubi. Mtoni ndiko alikoishi Sultani Sayyid Said na ndiko alikozaliwa bintiye Salme mwaka 1844, yule aliyekuja kuolewa na Mjerumani akaandika kumbukumbu zake, na mama hiyo hadithi anaipenda mno, ataniuliza maswali mpaka nichoke. Maruhubi ni ya Sultani Barghash, iliungua 1899, yamebaki manguzo yale makubwa na hamamu (mabafu ya kuogea), na naona kwa picha ni pazuri zaidi, bustani na bahari karibu.

Wale mlioenda na wazee, wapi kuna kivuli na pa kukaa? Njia ya kuingilia ni tambarare ama ni mawe mawe? Na teksi ningoje nayo au nitapata ya kurudi mjini? Kingine, kwa mtu wa magoti ni afadhali ndege ama tupande basi tupite mpakani Lunga Lunga hadi Dar tuchukue boti? Mimi naona basi litamuua.