Mrejesho: yule wa jezi za netiboli, Moshi

Wakuu, mwezi uliopita niliwauliza kama niendelee kuifulia jezi na kuibebea maji timu ya netiboli ya chuo kimoja hapa Moshi, maana mimi si mwanafunzi na kiongozi mmoja alinitimua benchi mbele za watu. Wengi mlisema nimfuate mwalimu wa michezo. Nilimfuata. Kumbe jina langu halikuwa kwenye orodha yoyote, basi!

Sasa nimeandikwa msaidizi, na nimeongezewa kazi ya kuhesabu magoli mezani. Robo nne, dakika 15 kila moja, na wenye ruhusa ya kufunga ni wawili tu, GS (goal shooter) na GA (goal attack), nafasi zao zimeandikwa kwa herufi hizo kwenye jezi. Siku ya kwanza tulipofunga nilirukaruka nikasahau kuandika. Mwamuzi alinitazama, nikatamani ardhi ipasuke.

Jumamosi tulienda Arusha, kilomita 80 hivi ndani ya Kosta, ndoo ya maji miguuni kwangu. Tulifungwa kwa magoli mawili. Jezi nimeshaanika, herufi za WD (wing defence, mlinzi wa pembeni) zimeanza kubanduka, nazitafutia fundi.

Yule kiongozi? Siku hizi ananiita "kocha". Sijui ananikejeli au vipi, ila naitika.