Masafa mafupi: ni wasikilizaji walioondoka, au ni watangazaji?

Msikilizaji wa Kasulu
Habari za jioni, wanajukwaa. Zamani mita bendi 25 na 31, yaani sehemu za masafa mafupi (shortwave) yanayofika mbali, zilijaa Kiswahili kutoka London, Cologne, Cairo, Moscow na Beijing, lakini siku hizi nikizungusha redio nasikia mkwaruzo mtupu na idhaa moja moja. Je, vituo vilizima mitambo kwa sababu tulikwisha kuhamia FM na simu, au tulihama kwa kukosa cha kusikiliza? Tena, je, inafaa kumnunulia mama aliyeko kijijini redio yenye masafa hayo?

Mzee wa Antena
Ndugu yangu, kwa upande wa Kiswahili naona FM ndiyo iliyotangulia. Redio binafsi ziliporuhusiwa Tanzania katika miaka ya 1990, idhaa za nje ziliingia mikataba na vituo vya hapa nyumbani, na taarifa ya habari ya London ikawa inasikika kana kwamba msomaji yuko chumba cha pili. Mwaka 2011 BBC, ikiwa imepunguziwa fedha na serikali ya Uingereza, iliamua kuacha kurusha Kiswahili kwa masafa mafupi; mwaka 2015 Deutsche Welle, idhaa ya Ujerumani, ikafunga kituo chake cha Kigali kilichodumu takriban miaka 50, ikabaki kukodi mitambo ya wengine. Mtambo wa kilowati 250 hula umeme ule ule, wawe wanaousikiliza ni watu milioni au wazee kumi, na wahasibu hawana huruma na wazee kumi.

Fundi Redio
Mzee amesema kweli, ila amesahau makelele. Wateja huniletea redio wakidai imekufa, nami nikiitoa nje, mbali na taa za LED, chaja za simu na kidhibiti chaji cha sola, inashika vizuri. Ndugu wa Kasulu, zima umeme wote nyumbani, washa redio kwa betri, kisha usikilize tena. Mkwaruzo ukipungua, adui yumo ndani ya nyumba. Funga waya wa shaba wa mita saba hivi kwenye antena na uutoe dirishani. Mchana tafuta mita bendi 19 na 25, na usiku ushuke hadi 41 na 49.

Mrundi Ughaibuni
Samahani, wazee wangu, hesabu ya umeme haitoshi. FM huishi kwa leseni ya nchi inayosikilizwa. Machi 2019 serikali ya Burundi iliifungia BBC na kuongeza bila kikomo muda wa adhabu ya Sauti ya Amerika, na waliokuwa wakitegemea FM wakaachwa gizani, ilhali masafa mafupi ya Sauti ya Amerika, yaliyokuwa yakirushwa kutoka São Tomé au Botswana, hayakupitia kwa mdhibiti wa Bujumbura. Vita vya Sudan vilipozuka mwaka 2023, BBC nayo ilirudi kwenye masafa mafupi kwa matangazo ya dharura ya Kiarabu.

Mzee wa Antena
Hilo nalikubali, mwanangu, lakini kumbuka Machi 2025: Sauti ya Amerika ilinyamazishwa na serikali yake yenyewe, na aliyekuwa akiitegemea hakuwa na fundi wa kumwendea. Kuhusu mama, mnunulie redio yenye FM na masafa mafupi pamoja, inayotumia betri kubwa zinazopatikana katika duka la kijijini.

Msikilizaji wa Kasulu
Nashukuru. Nimezima sola na makelele yamepungua kweli. Fundi, huo waya uwe wazi au wenye plastiki?

Fundi Redio
Wowote, mradi ncha inayogusa antena uimenye plastiki. Mvua ya radi ikikaribia, uchomoe mapema.