Uraka si juisi, ni pombe ya matunda ya mkorosho! Madereva wa Masasi–Mtwara mtatuua

Wakuu, nina hasira na sitazificha.

Juzi nimepanda kosta Masasi kuja Mtwara, kiti cha mbele, binti yangu wa miaka 6 nimempakata. Ndanda dereva akashuka kidogo. Aliporudi ameshika chupa ya maji ya lita moja na nusu, na humo ndani si maji. Aliyezaliwa huku hahitaji kuambiwa, ile harufu ya mabibo, hayo matunda ya mkorosho, yaliyochacha inakupiga kabla mtu hajafungua mdomo.

Nikamuuliza, kaka, huo si uraka? Konda ndiye akanijibu: "Mama, hiyo juisi tu, na mwenyewe kazoea." Gari zima likacheka.

Bibo ukilikamua ukanywa papo hapo, sawa, ni juisi. Likilala hadi kesho yake ni pombe, na msimu huu wa korosho imejaa kila kijiji. Na huko "kuzoea" ni uongo unaoua. Aliyezoea hajisikii kalewa, lakini jicho na mguu vimeshachelewa. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde. Achelewe nusu sekunde tu kukanyaga breki, zimeshapita mita 11. Kabla ya kufika Mtama tulimkosa mzee wa baiskeli ya mkaa kwa kiasi cha mkono. Mwanangu alipiga kelele, dereva akanyanyua chupa tena.

Sheria ya dereva wa kawaida inaweka kikomo cha miligramu 80 za pombe kwa mililita 100 za damu. Anayebeba abiria hatakiwi kuwa na pombe kabisa. Kabisa! Njiani tulisimamishwa na trafiki mara mbili, wakaangalia leseni na mtungi wa kuzimia moto. Kipima ulevi sikukiona.

Msinijie na habari za kahawa, ndimu wala kujimwagia maji baridi. Pombe inatolewa na ini, na ini halina haraka. Uliyekunywa sana hadi saa 7 usiku, saa 11 alfajiri unapowasha gari bado unayo mwilini. Vijana wa bodaboda pia, pikipiki iacheni nyumbani kabla hamjaenda kilabuni, maana ukishapiga vikombe vitatu huwezi tena kujiamulia.

Nilishuka Mnazi Mmoja ya Lindi na mtoto, nikalipa nauli nyingine. Konda hakunirudishia hata shilingi.

Wenye magari, dizeli mnaipima kila jioni. Mnashindwaje kumsogelea dereva alfajiri mkamnusa mdomo?

Na nyie mliokuwa kwenye ile kosta, kama mnasoma hapa, niambieni mlikuwa mnacheka nini.