Wamisionari kwa Wamaori: miaka 10 bila mbatizwa hata mmoja, kisha Waitangi. Nani anaijua hii?

Kalamu_Nyeusi:
Habari wakuu. Naandaa makala kuhusu wamisionari wa mwanzo Nyuzilandi na nimekwama sehemu mbili. Padri Samuel Marsden alihubiri kule Krismasi ya 1814, lakini mtu wa kwanza kubatizwa anatajwa 1825. Halafu kuanzia miaka ya 1830 watu wanamiminika. Kilibadilika nini? La pili: nasoma kwamba Mkataba wa Waitangi wa 1840, kati ya taji la Uingereza na machifu wa Kimaori, maandishi yake ya Kimaori hayalingani na ya Kiingereza, na aliyetafsiri ni mmisionari. Ni lugha ilimshinda au ni hila? Mwenye kujua anipe maneno yenyewe, maelezo ya jumla ninayo ya kutosha.

Nahodha77:
Mkuu, kwanza jiulize nani alikuwa mgeni wa nani. Tukisikia "misheni" tunamuona mzungu mwenye bendera na askari nyuma yake. Pale Oihi alipohubiri Marsden, chini ya ngome ya Wamaori ya Rangihoua, hapakuwa na askari hata mmoja. Ardhi, ulinzi, chakula, hadi ukalimani wa mahubiri yale ya Krismasi, vyote vilikuwa vya chifu Ruatara. Alifariki Machi 1815, na wamisionari wakabaki chini ya jamaa yake, Hongi Hika.

CMS (Church Missionary Society, chama cha misheni cha Kianglikana) iliwatuma watu watatu: William Hall seremala, John King mshona viatu, Thomas Kendall mwalimu. Marsden aliamini kazi za mikono na kilimo zitangulie, Injili ifuate. Shida ni kwamba Oihi ni mteremko tu, hapalimiki. Ikabidi viazi na nguruwe vinunuliwe kwa wenyeji, na wenyeji ndio waliopanga bei: mwanzoni mashoka na majembe, baadaye bunduki. Ukikataa kutoa bunduki unalala njaa, ukitoa umevunja amri ya Marsden. Ndiyo maana misheni ikaingia kwenye biashara ya silaha huku ikiikemea. Shule ya Kendall nayo, iliyofunguliwa Agosti 1816, ilifungwa 1818 kwa sababu hiyohiyo: mtoto alikaa darasani siku ambazo kulikuwa na chakula.

Kilimo chenyewe, aliyekifanikisha kwanza ni Ruatara kabla hata misheni haijafika. Aligawa mbegu za ngano kwa wenzake, wakazipanda, kisha wakaing'oa mimea kutafuta chakula kwenye mizizi, kama mtu achimbavyo viazi vitamu. Wakamcheka. Marsden alipompelekea kinu cha mkono 1814 akasaga, akakaanga kipande cha mkate mbele yao, na ubishi ukaisha.

Mwaka 1820 Kendall alimpeleka Hongi Uingereza pamoja na chifu mwingine, Waikato. Kule Cambridge walikaa na Profesa Samuel Lee, ikatoka sarufi na msamiati wa Kimaori mwaka huohuo. Mfalme George IV akampa Hongi zawadi. Aliporudi, alipita Sydney na kuondoka na shehena ya bunduki, na kuanzia 1821 akazishambulia kabila za kusini zilizokuwa bado na silaha za jadi. Kendall alifukuzwa CMS: biashara ya bunduki, na uhusiano na binti wa kuhani wa Kimaori. Sasa katika hali hiyo nani angebatizwa? Hongi mwenyewe aliwalinda wamisionari hadi alipofariki 1828 na hakubatizwa kamwe. Kwake walikuwa mlango wa biashara.

Bi_Kamusi:
Naendelea alipoishia Nahodha77, maana hapo ndipo panaponoga.

Mabadiliko ya kwanza ni ya tumbo. Henry Williams, ofisa wa zamani wa jeshi la majini, alifika 1823 na kuweka makao Paihia. Aliona wazi kwamba misheni isiyo na chombo chake itaomba chakula daima. Wakajenga merikebu ya tani 55, Herald, wakaishusha majini Januari 1826, ikawa inaleta chakula kutoka pwani nyingine na Sydney. Ilivunjika Hokianga 1828, lakini kamba ya utegemezi ilikuwa imeshakatika na bunduki zikatoka kwenye orodha ya malipo. Williams akageuza pia utaratibu wa Marsden: lugha na mafundisho kwanza, ufundi baadaye.

Mabadiliko ya pili, na mimi naona ndiyo makubwa, hayakuletwa na wazungu. Ngapuhi, kabila la Hongi, walikuwa wamewachukua mateka kwa maelfu. Wengi walijifunza kusoma kwenye vituo vya misheni, na vita vilipopoa wakaachiwa kurudi kwao. Mmoja wao, Piripi Taumata-a-Kura, alirudi pwani ya mashariki 1834 akaanza kufundisha kabila la Ngati Porou wakati hakuna mmisionari anayeishi kule. Ripahau naye alifika Otaki, kusini, akawasomesha vijana wa ukoo wa chifu Te Rauparaha. Mwaka 1839 Tamihana Te Rauparaha na Te Whiwhi wakasafiri kaskazini kumdai mwalimu, akapelekwa Octavius Hadfield. Kwa hiyo ukiandika "wamisionari waliwaongoa Wamaori" utakuwa umeruka hatua moja nzima.

Tatu, karatasi. Mtambo wa kuchapa ulifika Paihia mwishoni mwa Desemba 1834 na mchapaji William Colenso. Alipofungua masanduku hakukuta karatasi za kuchapia, wala makasha ya kupangia herufi, wala jiwe la kupangia kurasa. Seremala akachonga vingine, wamisionari wakachanga karatasi zao za kuandikia barua, na Februari 1835 zikatoka nyaraka kwa Waefeso na Wafilipi. Agano Jipya lilikamilika Desemba 1837, nakala 5,000, na hazikutosha. Usidhani kila aliyetaka kitabu alitaka ubatizo. Kusoma kulikuwa ujuzi mpya wenye heshima. Hokianga kulikuwa na nabii Papahurihia aliyesoma mambo yaleyale akaamua Sabato ni Jumamosi, na wafuasi wake wakajiita Hurai, yaani Wayahudi.

Mpitanjia_wa_Lugha:
Swali la pili. Mtafsiri ni huyohuyo Henry Williams. Toa kwanza kichwani kwamba hakujua Kimaori. Alipewa rasimu ya Kiingereza usiku wa tarehe 4 Februari 1840, akaitafsiri na mwanawe Edward, na asubuhi ikasomwa. Maneno ya kuyakodolea macho ni matatu:

*Kawanatanga.* Kifungu cha 1 cha Kiingereza kinakabidhi enzi yote kwa malkia. Kimaori kinatoa kawanatanga. Kawana ni governor aliyetoholewa, kama sisi tunavyosema gavana, na -tanga ni kiambishi cha kuunda dhana (haina undugu na Tanga yetu). Kwa hiyo ni "ugavana". Kwenye Agano Jipya la Kimaori kawana ni Pontio Pilato.

*Tino rangatiratanga.* Kifungu cha 2: Kiingereza kinawaachia umiliki wa ardhi, misitu na uvuvi. Kimaori kinawaachia mamlaka kamili ya uchifu juu ya ardhi, makazi na taonga zote, yaani kila chenye thamani.

*Hokonga.* Kiingereza kinasema taji (yaani serikali ya malkia) pekee ndilo litanunua ardhi. Hokonga ni kuuza na kununua tu, ule upekee haumo.

Kinachombana Williams ni tamko la uhuru la machifu wa Kimaori la 28 Oktoba 1835, alilolitafsiri yeye mwenyewe. Pale enzi ni *kingitanga* (ufalme) na *mana* (mamlaka na heshima ya chifu), na kawanatanga ni shughuli ya kutawala tu, tena inayofanywa na watu walioteuliwa na machifu. Miaka minne baadaye mana haimo. Angeandika kwamba wanaitoa mana yao, sioni chifu ambaye angesaini.

Kalamu_Nyeusi:
Kwa hiyo ni hila? Na alifaidika nini?

Nahodha77:
Alikuwa na ekari kama 11,000 na watoto 11, ndiyo silaha ya wapinzani wake. CMS ilimfukuza 1849 kwa sababu ya ardhi hiyo, ikamrudisha 1854. Lakini aliogopa pia walowezi wasio na sheria, akaamini taji litawazuia. Mimi nasema alitaka wasaini, na akachagua maneno yasiyowatisha. Colenso alisimama siku ya kusaini, tarehe 6, akamuuliza Hobson, mwakilishi wa taji, kama machifu wanaelewa wanachosaini. Wakaendelea.

Mpitanjia_wa_Lugha:
Nyongeza ya takwimu: waliosaini ni zaidi ya 500, nakala ya Kiingereza ilisainiwa na 39 tu. Baraza la Waitangi, chombo cha Nyuzilandi kinachochunguza madai ya Wamaori kuhusu mkataba huo, lilitamka 2014 kwamba waliosaini Februari 1840 hawakukabidhi enzi. Na ukinukuu maandishi ya 1840, usisahihishe *wenua* (ardhi) kuwa *whenua*. Tahajia ya wakati ule haikutenganisha w na wh.