Msaada kwenye tuta: "heap" ya Waingereza inatafsiriwaje?

Kalamu_Nyeusi (mleta uzi)
Wakuu, habari za wakati huu. Natafsiri simulizi ya Kiingereza ya mtu aliyefanya kazi kiwandani tangu ujana hadi alipopunguzwa. Mwandishi analipenda sana neno "heap". Baada ya kupunguzwa, mhusika anajiona yuko "on the scrap heap". Siku ya kuagwa, mkubwa wake "heaped praise on him". Akifika nyumbani "he collapsed in a heap". Kisha mkewe anamsihi amtendee mema yule aliyemfitini, maana hivyo atakuwa "heaping coals of fire on his head".

Kamusi inanipa rundo, lundo, chungu, fungu. Nikiweka lolote kati ya hayo, sentensi inakufa. Je, kuna njia ya kuzielewa nahau hizi, au kila moja ni ya kukariri? Na "heap" inatofautianaje na "pile" na "stack"?

Bibi_Sarufi
Swali lako la mwisho ndilo linalofungua mengine. "Stack" ni vitu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kwa mkono wa mtu: vitabu, sahani, viti. "Heap" ni vitu vilivyomwagwa vikakaa vyovyote vile, kama mchanga au nguo chafu. "Pile" iko katikati. Inaweza kuwa imepangwa au la, ndiyo maana inakubalika karibu kila mahali.

Sasa zitazame nahau. Mambo yakiwa yamemwendea mtu kombo kabla hajaanza, Mwingereza husema "the odds are stacked against him", kana kwamba kuna aliyeyapanga. Na "to stack the deck" ni kupanga karata kwa hila kabla ya kuzigawa. Hapo "heap" haiingii kabisa, kwa sababu hila inataka mpango. Lakini mtu aliyeishiwa nguvu huanguka "in a heap": mikono huku, miguu kule, mwili umepoteza umbo. Hakuna anayeanguka "in a stack".

Kwa hiyo kwenye sentensi yako achana na rundo, tafsiri kule kupoteza umbo: "Miguu ikamwisha nguvu, akaanguka pu." Kiswahili kina tanakali za sauti kwa kazi hiyohiyo, na naona watafsiri wengi wanazionea haya bila sababu.

Mtafsiri_Mkongwe
Bibi amesema vizuri. Naongeza kuhusu "scrap heap". Hapo mwanzo ni chungu cha vyuma chakavu, mashine iliyokwisha kazi. Mwandishi wako anazungumzia kiwanda, kwa hiyo picha ni kali mno: mtu amehesabiwa pamoja na mashine mbovu. "Alijiona ametupwa jaani" inatosha katika maandishi mengine, lakini kwako ningepigania chuma kibaki: "Alijiona kama chuma chakavu kilichotupwa jaani."

Jaa hilo limeingia hata kwenye siasa. Mwaka 1917 Trotsky, mwanamapinduzi wa Urusi, aliwaambia Wamenshevik, wapinzani wake wa kisiasa waliotoka mkutanoni, waende kwenye jalala la historia. Mwaka 1982 Rais Reagan wa Marekani, akihutubia wabunge wa Uingereza jijini London, akaigeuza kauli ya namna hiyo dhidi ya Umarx na Ulenin, akasema utaachwa kwenye "ash-heap of history". Ukikutana na hiyo, "jalala la historia" inaeleweka bila maelezo.

Mwana_wa_Mithali
Makaa ya moto usiyaguse, ndugu. Hiyo ni Mithali 25:21–22, na Paulo aliirudia katika Warumi 12:20. Biblia ya Kiingereza ya King James ya mwaka 1611 inatumia "heap coals of fire" sehemu zote mbili, na nahau ilisambaa kutoka huko. Wasomaji wako tayari wana "utampalia makaa ya moto kichwani pake". Ukiandika "kumrundikia makaa" utamwondolea mke yule sauti ya Maandiko, na bila shaka mwandishi alimpa sauti hiyo kwa makusudi.

Maana yake katika Kiingereza cha kawaida ni kumfanya mbaya wako aone haya kwa kumlipa wema. Asiyeijua hudhani ni kisasi, kwa hiyo hakikisha sentensi zinazofuata zinaonyesha huruma.

Kompyuta_na_Kalamu
Samahani kuingilia, ila kanuni ya "heap ni vurugu" isivuke mpaka wa fani. Kwenye programu za kompyuta kuna muundo wa data unaoitwa "heap", uliotolewa na J. W. J. Williams mwaka 1964, na una utaratibu mkali: kilicho kikubwa kuliko vyote, au kidogo kuliko vyote, lazima kikae juu. Ukiuita rundo, msomaji wa fani atapotea.

Bibi_Sarufi
Nakubali, mkuu. Nilikuwa kwenye nahau tu.

Shangazi_Lugha
Mimi nina neno kuhusu sifa. Wengi wanaona "heap" wanadhani lazima kuna ubaya. Hapana. "Heap praise" ni sifa tele, na "top of the heap" ni aliyewashinda wenzake wote. Ubaya hutegemea mahali: "bottom of the heap" ni walalahoi, watu waliobanwa na kila aliye juu yao. Kwa hiyo tazama kilicho jirani na neno. "Heap on" ni kumwekea mtu kitu, na kitu chenyewe ndicho kinachoamua kama ni heri au shari. Sifa sisi tunazimwaga au kuzimimina, lawama tunamtwika mtu. "Alimmiminia sifa" ndiyo yako.

Tahadhari moja ya dhati: kuna "heap big" ya filamu za zamani za Kimarekani, ambako wenyeji wa asili wa Marekani walisemeshwa Kiingereza cha kubuni ili waonekane wajinga. Ni dhihaka kwa watu hao. Ielewe ukiikuta, usiitumie.

Kalamu_Nyeusi
Shukrani sana wakuu, makaa ya moto nimeyaacha kama yalivyo. Zimebaki mbili. Sura ya mwisho: "The news struck me all of a heap." Na pale anapokumbuka ujana wake: "We had heaps of time and a heap of trouble." Mbona kimoja kina "s" na kingine hakina?

Mtafsiri_Mkongwe
Ya kwanza ni ya kizamani, ilikuwa ikisemwa tangu karne ya 18. "Habari ile ilinipiga butwaa." Kama mzee wako anazungumza Kiingereza cha kale, tafuta neno lenye umri kidogo: "ilinitunduwaza."

Bibi_Sarufi
Hiyo ya pili ni ya wingi usiohesabika. "Heaps of" na "a heap of" zote ni "tele", ila "a heap of trouble" imezoeleka sana Marekani, na "heaps" husikika zaidi Uingereza, Australia na New Zealand, ambako utasikia hata "thanks heaps". Kitenzi hufuata nomino inayokuja baadaye: "there is heaps of time", lakini "there are heaps of people".

Na hapa ndipo kamusi yako inapata haki, maana Kiswahili nacho husema chungu nzima, na wengine chungu mbovu, bila kuhesabu chochote. Ningeandika: "Muda tulikuwa nao chungu nzima, na matata nayo tele." Ukirudia "chungu nzima" mara mbili sentensi italemaa, ingawa mwandishi amerudia.

Shangazi_Lugha
Bibi, mimi ningeirudia. Mzee anakumbuka ujana, na marudio yake ndiyo mapigo ya sentensi: "Muda chungu nzima, na matata chungu nzima." Isome kwa sauti, Kalamu, kisha uchague.