Mrejesho: Land Cruiser yangu ya injini ya dizeli ya 1HZ iliyokuwa haina thamostati

Wakuu, niliuliza hapa kwa nini mkonga wangu (hii Land Cruiser) asubuhi mshale wa joto haunyanyuki na moshi mweupe hauishi, halafu nikipandisha mlima wa Bugando na mzigo unachemsha. Mliosema thamostati (vali inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto) ilishatolewa mlipatia. Tulifungua, kizimba kitupu.

Fundi wa Nyakato hakutaka kuirudisha. "Huku joto, ya nini?" Lakini 1HZ ina njia ya pembeni ya maji, na kisahani cha chini cha thamostati ndicho huziba njia hiyo injini ikipata moto. Bila hicho, sehemu ya maji inazunguka humo humo ndani bila kupita kwenye rejeta. Alipoelewa hilo, ubishi ukaisha.

Nimenunua thamostati mpya ya nyuzi 82. Kabla ya kufunga tuliichemsha kwenye sufuria na kipimajoto: ilianza kufunguka mapema, maji hayajatokota. Huku Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi hutokota kwenye nyuzi 96 hivi, ndiyo maana nimebadili na mfuniko wa rejeta. Ule wa zamani mpira umekauka, haushiki presha inayozuia maji kutokota mapema.

Rejeta ilitoa tope la kutu, aibu tupu. Sasa ni kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), si maji ya ziwani.

Moshi wa asubuhi umekata. Hadi Magu na mzigo, mshale umetulia katikati. Kilichobaki ni pampu ya maji, inatoa unyevu kidogo. Nitaibadili mwisho wa mwezi.