Ukoo wa Bibi Mgeni: monita ya Rehema

Rehema: Shikamooni wakubwa. Wengine mambo zenu. Naomba ushauri jamani, nataka kununua monita ya kuchomeka kwenye laptopu, ile ya 4K. Kupanga kurasa za vitabu vya shule kwenye kioo cha inchi 14 kutanipofua.

Shangazi Mwajuma: Marahaba mwanangu. Kwani TV ya sebuleni ina nini? Si unachomeka tu.

Ba'mdogo Salim: Marahaba Rehema. Usinunue huko, nakuja mwezi ujao in shaa Allah. Huku Muscat TV za 4K za inchi 43 zimejaa mpaka supamaketi. Mchana unafanyia kazi, usiku mama yako anaangalia tamthilia.

Mama Rehema: Hapo umenena shemeji 😂

Idi: Dada chukua ya Hz 144, ile ya picha 144 kwa sekunde, hutajuta.

Rehema: Idi, mimi sichezi magemu.

Mudi: Ngojeni kwanza. Rehema, bado unatumia ile ThinkPad T480 niliyokutafutia?

Rehema: Hiyo hiyo, haijanisumbua hata siku moja.

Mudi: Basi tuanzie hapo, maana monita utachagua, ila tundu za laptopu ndizo ulizonazo. Hiyo ni mashine ya 2018. HDMI yake, ile tundu ya kutolea picha, ni toleo la 1.4. Ukipitisha 4K humo kioo kinapata picha 30 tu kwa sekunde badala ya 60. Ukisogeza mausi inakufuata kama imelewa, ukishusha ukurasa unarukaruka. Wateja wanarudisha monita dukani wanasema mbovu, na monita nzima kabisa.

Ba'mdogo Salim: Mudi, 4K ni 4K. Imeandikwa kwenye boksi.

Mudi: Mjomba, boksi ni la monita. Halimjui Rehema wala laptopu yake 😄

Rehema: Kwa hiyo ninunue na laptopu nyingine? Hela hiyo sina.

Mudi: Hapana. Angalia ubavu wa kushoto, pale unapochomeka chaji. Kuna tundu mbili za USB-C, moja ina kialama cha radi. Zote mbili zinatoa picha, na humo 4K inapita kwa 60 bila shida. Ila usidhani kila laptopu iko hivyo. Zipo zenye USB-C ya chaji na mafaili tu, unachomeka monita mpaka unachoka.

Idi: Ya kwangu je?

Mudi: Nitumie picha ya hizo tundu. Pole pole, tumalize la dada yako.

Ba'mdogo Salim: 🎤 Ujumbe wa sauti (2:47)

Shangazi Mwajuma: Salim mdogo wangu, andika. Niko kwenye daladala.

Ba'mdogo Salim: Nasema hivi dada, TV ya inchi 43 ni kubwa, mtoto anasema macho yanamuuma, si anataka herufi kubwa? Bei yenyewe ni karibu sawa na hiyo monita ndogo.

Mudi: Mjomba, kubwa ndiyo, ila herufi zake si kali. 4K ni pikseli, yaani vile vidoa vinavyounda picha, 3840 kwa 2160, iwe kioo cha inchi 27 au 43. Kwenye inchi 27 unapata pikseli kama 163 kwa kila inchi. Kwenye 43 zinabaki 102 hivi. Hata monita ya kawaida ya 2560 kwa 1440 ya inchi 27 inaizidi, ina 109. TV unaitazama toka kwenye kochi, huoni tofauti. Rehema anakaa hatua moja kutoka kwenye kioo, tena anasoma herufi siku nzima.
Halafu TV nyingi zinabana taarifa za rangi. Weka maandishi mekundu juu ya weusi uone, pembeni yanatoa ukungu, mpaka uingie kwenye mipangilio uiambie TV kwamba kilichochomekwa hapo ni PC.

Mama Rehema: Kumbe. Na mimi niseme, kochi langu lisihamishwe.

Rehema: Kwa hiyo inchi 27? Kuna kijana wa dukani ananisukumia 32, anasema wote wanachukua hiyo.

Mudi: Una rula? Pima kina cha ile meza yako.

Rehema: Ni ile ya cherehani ya bibi. Sentimita 48.

Mudi: Basi 32 itakukaa usoni, utakuwa unageuza shingo kutafuta saa kwenye kona. Sasa chukua karatasi ya A4, mbili, ziweke ubavu kwa ubavu kama kitabu kilichofunguliwa. Upana sentimita 42, urefu karibu 30. Monita ya inchi 27 ina upana wa karibu 60 na urefu wa 33 na kitu. Yaani kurasa mbili zinakaa kwa ukubwa wake halisi na nafasi ya vidirisha vya programu inabaki pembeni. Ya inchi 24 urefu wake ni hizo hizo 30, ukishaweka menyu juu ukurasa unakatwa mguu.

Rehema: Wee! Kurasa mbili kwa saizi yake halisi? Mimi sasa hivi naona robo ukurasa nasukuma juu, nasukuma chini.

Mudi: Ndiyo. Ila siku ya kwanza utanipigia simu kwamba kila kitu kimekuwa kidogo kama sisimizi. Usiogope. Ingia kwenye mipangilio ya Windows, ukubwa weka asilimia 150. Hapo unapata nafasi sawa na ile ya 2560 kwa 1440, ila herufi zimechorwa kwa pikseli nyingi zaidi, ndiyo maana zinakuwa kali. Programu za zamani zitaonyesha ukungu kidogo ukizivuta toka laptopu kwenda monita. Hizo zifunge ufungue upya ukiwa kwenye monita, mara nyingi inakubali.

Mama Rehema: Na umeme ukikatika? Laptopu ina betri, hilo dubwana je?

Mudi: Linazima pale pale mama, kazi inarudi kwenye kioo cha laptopu, haipotei. Halili sana umeme, kama wati 30 mpaka 40. Akiweza achukue na UPS ndogo, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika.

Shangazi Mwajuma: Nimefika nyumbani. Na mchango wa harusi ya Zainabu uko wapi katika mahesabu haya? 🙄

Rehema: Shangazi nimeshaahidi, natuma tarehe 28.

Shangazi Mwajuma: Nimekusikia.

Mudi: Rehema, tafuta yenye USB-C inayotoa chaji ya wati 65. Waya mmoja unapeleka picha na unachaji laptopu hapo hapo. Ukikosa, au bei ikikushinda, chukua ya 1440 ya inchi 27, hiyo hata HDMI yako ya 1.4 inaibeba kwa 60. Mimi ningekuwa na hela ya kubana ningechukua hiyo, waya mzuri na UPS juu.

Rehema: Mimi nataka herufi kali. Nitaongezea nichukue 4K. Nije Kariakoo Jumamosi?

Mudi: Njoo na laptopu. Tutaiwasha dukani kabla hujalipa. Tunaweka kioo cheupe chote, halafu cheusi, halafu chekundu, tunatafuta vidoa vilivyokufa. Akikataa kuwasha tunahamia duka la pili. Na ukae kwa pembeni uangalie, rangi zikibadilika hicho siyo kioo cha aina ya IPS, hakikufai.

Ba'mdogo Salim: Sawa, nimeshindwa na mpwa wangu. Basi mimi nilete nini?

Mudi: Lete waya mjomba. Huku nyingi tunazouziwa ni za chaji ya simu, umbo ni lile lile la USB-C lakini picha haipiti. Soma pakiti, iandikwe kwamba inapitisha 4K. Mita 1 inatosha.

Shangazi Mwajuma: Na mimi udi, Salim. Ule wa mwaka jana, usiniletee mwingine.

Ba'mdogo Salim: Waya na udi. Haya.

Idi: Mudi nimekutumia picha ya tundu zangu.

Mudi: Idi hiyo ni tundu ya hedifoni.